Baraza la Duka la Baba Yako

Lindi, Jumapili

Mpendwa Hamisi,

Assalaam aleikum. Sisi ni wazima, na mama anakusalimu. Niwie radhi kwa ukimya wangu tangu msimu wa korosho uliopita. Leo nimeshika kalamu kwa sababu wiki iliyopita mafundi wameanza kubomoa baraza la duka lililokuwa la marehemu baba yako.

Mwenye nyumba wa sasa anasema anataka nafasi ya kuegesha magari ili mtaa uchangamke. Kutafuta wateja si kosa. Mtaa wetu ulianza kudhoofu makao makuu ya Jimbo la Kusini yalipohamishiwa Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha sheria ya mwaka 1971 ikataifisha majumba ya kupangisha, wafanyabiashara wengi wa Kihindi wakaondoka, na wapangaji waliobaki hawakuona sababu ya kukarabati nyumba zisizo zao. Hata Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, tukaachana na adha ya kungoja kivuko cha Rufiji, maduka yetu hayakupata uhai tulioutarajia.

Lakini baraza ndilo lililokuwa likimketisha mteja! Wakulima wa Mtama na Nyangao waliokuja mjini na fedha za korosho walikaa pale kivulini, wakanywa kahawa, wakapatana bei ya kanga bila haraka. Tukilivunja, nani atakaa kwenye jua la saa nane?

Jambo la pili linaloniuma ni kuta. Wanataka kuzipiga lipu ya saruji, ilhali ni mawe ya matumbawe na chokaa, na saruji huuzuia unyevu kutoka, ukuta ukaoza kwa ndani. Nilimweleza mwenye nyumba habari za Boma la Mikindani, ile ngome ya Wajerumani iliyojengwa mwaka 1895, ilivyokarabatiwa na kuwa hoteli. Alinisikiliza, akakubali kusimamisha kazi hadi mwisho wa mwezi. Nusu ya baraza bado imesimama.

Kwa hiyo nina ombi. Je, ile picha ya sikukuu ya Idi, baba yako akiwa ameketi barazani na mizani yake, bado unayo? Unaweza kunitumia nimwonyeshe? Mlango wa nakshi uliong'olewa ulipelekwa kwa baba yako mdogo, au uliuzwa? Na wewe utakuja lini, kabla mwezi haujaisha?

Wako,
Rashidi