Mswada wa vepu: kinachotuudhi, na tusichokipinga

Simu ya duka letu la vepu, yaani sigara za kielektroniki, hapa Mombasa haijatulia kwa sababu ya mswada wa kuzidhibiti. Kila anayepiga ana swali lile lile: ni kweli tunapigwa marufuku? Wengine hata hawaulizi, wanapiga kutoa hasira tu. Kuna mzee, mteja wetu wa miaka mingi, amekuja juzi kutaka chupa kumi za juisi, yaani kioevu cha nikotini kinachotiwa kwenye vepu, kwa mpigo aweke akiba. Tumemuuzia mbili, tukamwomba aketi kwanza tuongee. Tuliyomweleza ndiyo tunayoyaandika hapa.

Mswada wa kurekebisha Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ulipelekwa Seneti mwaka 2024 na Seneta Catherine Mumma. Haukuandikwa kufuta vepu nchini. Unataka sigara za kielektroniki na vile vipakiti vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo viingie ndani ya sheria, kwa sababu sheria tuliyo nayo ni ya 2007, na iliandikwa kwa ajili ya sigara, ugoro na jamii yake. Pengo hilo limeshatuletea vurugu. Vipakiti vya nikotini viliingia madukani 2019 vikiwa vimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na mwaka uliofuata Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akasema usajili huo haukuwa halali. Muuzaji mdogo aliyekuwa amejaza rafu alibaki na mali asiyojua ni dawa, ni tumbaku au ni magendo.

Kwa hiyo sheria tunaihitaji. Tunalisema hili tukijua baadhi yenu litawakera.

Mwaka jana mama mmoja aliingia dukani ameshika vepu ya kutupa, ya rangi ya waridi, ameitoa kwenye begi la mwanawe wa darasa la nane. Aliiweka mezani akaniuliza, "Mwanangu, ni wewe uliyemuuzia?" Haikuwa yetu, aina ile hatuiuzi. Lakini sikuweza kumwambia hivyo halafu nikaridhika. Mtoto aliinunua kwenye kibanda cha peremende na kadi za simu, kwa mtu asiyeuliza umri wala asiyejua kilichomo. Nilisoma maandishi ya pembeni: asilimia tano. Maana yake ni miligramu 50 za nikotini katika kila mililita. Nchi za Umoja wa Ulaya kiwango cha juu ni 20, na hicho ni kwa mtu mzima. Mtoto ambaye hajawahi kuvuta sigara hata moja ameanzia hapo.

Hasira ya yule mama nayo ni maoni ya umma. Yeyote atakayekwenda kupinga mswada huu wote kwa jumla anapinga pia kile ambacho kingemfungia yule mwenye kibanda. Leseni kwa wauzaji, umri wa miaka 18, onyo juu ya pakiti, kukaa mbali na shule: sisi hayo tunayaunga mkono, tena yaje haraka.

Kinachotuudhi ni ladha.

Mswada unalenga kuondoa bidhaa zenye ladha. Nia yake tunaielewa: ladha ya peremende kwenye kifaa chenye rangi za katuni imetengenezwa kumvuta mtoto, na hiyo iondoke. Ila wengi wa wateja wetu ni watu wa miaka 40 na zaidi waliokuwa wakimaliza pakiti nzima kwa siku. Yule mzee wa chupa kumi ni fundi wa boti, alivuta tangu ujana wake. Alijaribu kwanza juisi yenye ladha ya tumbaku, na kabla wiki haijaisha alikuwa amerudia sigara, maana kila akivuta aliikumbuka. Kilichomtoa ni ladha ya mnanaa. Sasa ukimwondolea mnanaa na sigara ikabaki inauzwa moja moja katika kila kona, ingawa sheria ya 2007 inakataza kuuza moja moja, unadhani atarudi wapi?

Hatusemi vepu ni salama. Nikotini inamfunga mtu, na mapafu hayakuumbiwa mvuke wa aina yoyote. Tunachosema ni kwamba haina lami na moshi wa kitu kinachoungua, na hata madaktari wa huduma ya afya ya umma ya Uingereza huwaambia wavutaji kwamba ina madhara machache kuliko sigara, na papo hapo huwaonya wasiovuta wasiiguse. Kama huvuti sigara, tafadhali usije kuanzia kwetu.

Jambo la pili ni marufuku yenyewe, na hapa Mombasa tuna kumbukumbu. Shisha ilipigwa marufuku nchi nzima Desemba 2017. Mkazi yeyote wa mji huu anajua kwamba haikwisha. Iliingia vyumba vya nyuma, ambako hakuna anayekagua mkaa wala anayeuliza umri. Bidhaa ya vyumba vya nyuma ndiyo inayoua. Marekani, kuanzia 2019 hadi Februari 2020, watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufa kwa maradhi ya mapafu yaliyohusishwa na vepu, na uchunguzi ukaangukia zaidi kwenye vitamini E asetati, mafuta yaliyochanganywa kwenye katriji za bangi, nyingi zikiwa zimenunuliwa mitaani.

Halafu kuna suala la kaunti. Mswada unazipa kaunti nafasi katika udhibiti, na wengi wenu mmeuliza ina maana gani. Mnakumbuka Mei 2024, gavana wetu alipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, Kilifi ikafuata, na mahakama ya Embu ikasimamisha amri hiyo siku chache baadaye? Wiki ile mfanyabiashara hakujua alale wapi. Tungependa kanuni iwe moja kwa nchi nzima, na kaunti ibaki na ukaguzi na leseni ya duka. Hilo tutaliandika kwenye maoni yetu.

Kuhusu bei, msiulaumu mswada huu. Bei ilipanda kwa sababu ya ushuru: tangu mwisho wa Desemba 2024 juisi ya nikotini inatozwa shilingi 100 kwa kila mililita, kutoka 70. Chupa ya mililita 10 ina shilingi 1,000 za ushuru hata kabla hatujaweka gharama ya juisi yenyewe. Ukiuziwa chupa kubwa ya mililita 60 kwa shilingi 1,500 mahali fulani, piga hesabu mwenyewe ujue imepitia njia gani.

Dukani kwetu, mswada upite usipite, utaombwa kitambulisho hata ukiwa na mvi. Vepu za kutupa za asilimia tano hatuziagizi. Mwenye kutaka kupunguza nikotini, kutoka miligramu 20 kwa mililita hadi 12, kisha sita, kisha sifuri, tutamchanganyia na kumwandikia ratiba bila malipo. Kifaa kilichokufa kirudishe. Kina betri ya lithiamu, usikitupe jaani kikalipuka mikononi mwa wanaookota chupa.

Jumamosi hii kuanzia saa nne asubuhi tutakuwa na meza ya kuandika maoni ya kupeleka bungeni. Katiba, ibara ya 118, inalitaka Bunge lisikilize wananchi. Njoo na maneno yako mwenyewe: ulivuta miaka mingapi, umeacha lini, ladha ipi ilikusaidia. Matusi kwa seneta hatutayapeleka. Yule mama nimempigia simu, amesema atakuja, na tutampa kiti cha kwanza.

Na kwa wasafiri: Uganda imepiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya 2015, na Qatar vilevile ni marufuku. Ukivuka Busia au Malaba, au ukipata kazi Doha, kifaa kiache nyumbani.