Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi ya Faharasa

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atawasomea mweka hazina, na mahudhurio ya vikao anayo katibu. Mimi nimeomba nizungumzie kazi moja iliyotushughulisha kuliko zote mwaka huu: kuzifanya nyaraka za rejea za programu zitafutike kwa urahisi.

Ilianza Jumamosi moja. Mwanachama mpya alikuwa anasoma nakala ya nyaraka za Python, lugha ya kuandikia programu, tuliyoiweka kwenye kompyuta za chama ili watu wasimalize bando. Alikuwa amekutana na neno with kwenye kodi (maandishi ya programu) ya mwenzake, akaliandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Akaletewa startswith, akaletewa endswith. With yenyewe haikuja. Akaandika tena, herufi moja moja, akidhani amekosea. Hakuwa amekosea. Kitafutio kina orodha ya maneno madogo ya Kiingereza kinayoyaruka, na with imo, pamoja na for, if, in na not. Kwenye habari za kawaida hayo ni maneno ya kupita tu, lakini kwa anayejifunza Python ndiyo lugha yenyewe. Tulilipata kwenye faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa yanakopatikana, kwa sababu mwandishi wa nyaraka aliliweka pale kwa mkono.

Tukageukia nyaraka za maktaba yetu ya kodi, yaani mkusanyo wa kodi iliyo tayari kutumiwa, ile ya kubadili saa na tarehe. Hapo kasoro zilikuwa zetu, na ziliniuma. Tunazijenga kwa Sphinx, programu iliyotoka mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za Python. Kitafutio chake hukata miisho ya maneno, hivyo anayeandika sorting anafika hata penye sorted. Kanuni maarufu za ukataji huo kwa Kiingereza Martin Porter alizichapisha mwaka 1980. Kiswahili kinabadilika mbele na nyuma: badili, kubadili, inabadili, ilibadilishwa. Sisi tunajua kwamba kwenye kamusi vyeti havitafutwi kwenye V. Unakwenda kwenye cheti. Mashine hiyo haijui.

Basi tulifanya kwa mkono. Kila fanksheni, yaani kipande cha kodi chenye jina na kazi yake, sasa ina mstari mmoja wa maelezo juu kabisa, kama kurasa za mwongozo za Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, ambako amri ya man -k hutafuta ndani ya jina na maelezo hayo mafupi. Kisha tukaongeza kwenye faharasa maneno ya muulizaji mwenyewe. Hakuna anayeuliza kuhusu "ubadilishaji wa mfumo wa saa". Watu wanauliza, "Saa mbili asubuhi inakuwaje 8?" Kwa hiyo "saa mbili", "asubuhi" na "saa ya Kiswahili" yote yanaelekeza kwenye fanksheni yetu ya badili_saa. Baadhi yenu mlihofu faharasa itakuwa ndefu mno. Sioni ubaya wake, maana hakuna anayeisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sehemu ya siku za wiki bado, na ndiyo ngumu. Jina la Jumatatu linaihesabu kuwa siku ya tatu, ilhali fanksheni ya Python iitwayo weekday inaipa 0 na nyingine, isoweekday, inaipa 1. Anayetafuta "siku ya kwanza ya juma" tumpeleke wapi? Nawaomba kila mmoja aje kwenye kikao kijacho na maswali aliyoulizwa na watumiaji, yakiwa yameandikwa vilevile yalivyoulizwa, na makosa yake ya tahajia yasisahihishwe.