Tupatieni skripti ya Vuta N'kuvute

Mhariri,

Kila filamu ya Vuta N'kuvute inapotajwa, ubishi huwa ule ule: mbona kisa fulani cha kitabuni hakimo? Wanafunzi wangu wa kidato cha tano na sita, wanaoisoma riwaya hiyo ya Adam Shafi kwa ajili ya mtihani, ndio wakali zaidi. Wanataka kila mahali Yasmin, mhusika mkuu, alipokanyaga paonekane.

Riwaya iliyotoka mwaka 1999 ina nafasi ya kumtoa Yasmin Unguja, kumfikisha Mombasa na kumrudisha. Amil Shivji, muongozaji wa filamu, alikuwa na kama saa moja na nusu tu. Kilichoachwa kiliachwa kwa sababu, na sababu hizo ndizo sina pa kuzifundishia.

Chukua uteuzi wa waigizaji. Msomaji humchora Yasmin wake kichwani. Muongozaji sharti ampate binti mmoja wa Kihindi, Kiswahili kimtiririke, aonekane bado mdogo mbele ya mume wa makamo, kisha tumsadiki anapoingia kwenye harakati za miaka ya 1950. Akampata Ikhlas Gafur Vora. Gudrun Columbus Mwanyika akawa Denge, mwanaharakati anayependwa na Yasmin, na Siti Amina, tuliyekwisha kumjua kwa muziki wake, akawa Mwajuma, shoga yake Yasmin aliye mwimbaji. Hapo ndipo nilipompigia Shivji makofi: Mwajuma asiyeijua taarabu angetuharibia filamu nzima.

Na mandhari je? Kuta za Mji Mkongwe ni zile zile, ila leo zina nyaya, madishi na pikipiki zilizoegeshwa. (Nakiri nililitafuta dishi kwa makusudi, nikaambulia patupu.) Kuna watu waliohangaika ili mimi nisilione.

Filamu ilipokwenda kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ilipowasilishwa kuwania Oscar, ya pili tu kutoka Tanzania baada ya Maangamizi, habari zilikuwa za tuzo na zulia jekundu. Ninachoomba ni kidogo: watayarishaji watoe kitabu cha skripti, ambayo Shivji aliiandika na Jenna Bass, mazungumzo yakiwa kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya usaili, mavazi na mandhari, kwa bei ya mwanafunzi. Wakati tukisubiri, gazeti lako limtafute aliyeshona au kukusanya yale mavazi, limpe ukurasa mzima.

Mwalimu wa Kiswahili,
Tanga