Barua kwa mwanangu: usimlipe fundi wa mashine kwanza

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na ule ujumbe wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho: mashine yako ya kufulia nguo jioni haijai maji, na fundi anataka umlipe abadilishe bodi, yaani saketi inayoiongoza. Usimlipe huyo fundi kwanza. Mtu anakuja, anawasha mashine, anaona haijai, halafu anatamka "bodi imeungua" bila hata kugusa koki? Huyo ana bodi ya kuuza. Mashine yako inazungusha, inatoa maji, inakamua, na wewe mwenyewe umesema asubuhi huwa inafua vizuri tu. Bodi iliyoungua haiponi asubuhi ikaugua jioni. Hapo kwako kinachobadilika kati ya asubuhi na jioni ni maji yaliyomo kwenye tangi.

Unakaa ghorofa ya juu kabisa, simtanki liko juu ya kichwa chako. Wengi hudhani kukaa karibu na tangi ndiko kupata maji ya nguvu, kumbe ni kinyume chake. Nguvu ya maji ya tangi inatokana na kimo, kuanzia usawa wa maji ndani ya tangi, wima, hadi pale mpira wa kuingizia maji unapofungwa nyuma ya mashine. Kila mita 10 za kimo zinatoa presha ya bar 1 hivi (bar ni kipimo cha presha). Jirani yako wa chini anafaidi ghorofa zote zilizo kati yenu. Wewe, tangi likijaa, sidhani kama unafikisha mita 3, maana yake bar 0.3. Jioni watu wameshaoga na kupika, maji yameshuka, na hata hiyo 0.3 huna.

Sasa zunguka nyuma ya mashine usome kile kibandiko, penye presha ya maji. Mara nyingi huandikwa kitu kama 0.05 hadi 0.8 MPa. Hiyo 0.05 ni sawa na bar 0.5, yaani mita 5 za maji juu ya mashine. Kama yako imeandikwa hivyo, basi mashine imeshasema yenyewe shida iko wapi.

Najua utaniuliza: mbona bomba la bafuni linatoa maji? Lile unalifungua kwa mkono. Vali ya mashine, yaani koki yake ya ndani inayojifungua yenyewe kuingiza maji, ina koili ya umeme, na koili hiyo kazi yake ni kunyanyua kipini kidogo tu ili kitundu kwenye kiwambo cha mpira kiwe wazi. Baada ya hapo ni maji yenyewe yanayotakiwa kukisukuma kiwambo kiinuke. Maji yakiwa dhaifu, kiwambo kinainuka nusu, au hakiinuki kabisa. Mashine inasubiri, inasubiri, mwisho inakata tamaa na kuandika kosa kwenye kioo. Hukuniambia yako iliandika nini. LG huandika IE, Samsung huandika 4C au 4E, na zote maana yake ni moja: maji hayakuingia kwa wakati.

Kwa hiyo anza kwa kusikiliza. Washa, kisha tega sikio nyuma, pale mpira unapofungwa. Ukisikia mvumo na maji hayaji, au yanakuja kwa kuchuruzika, umeme umefika kwenye vali na kinachokosekana ni maji. Pakiwa kimya kabisa, hakikisha mlango umefungwa hadi ukalia "tak", kwa sababu usipojifunga mashine haifungulii maji. Mlango ukiwa sawa na bado ni kimya, hapo ndipo fundi ana kazi. Mwambie aanze kwa kupima koili ya vali. Nzima husoma kama kilo-omu 3 hadi 5 (kipimo cha ukinzani wa umeme), iliyokatika haisomi kitu, na vali ni bei ndogo ukilinganisha na bodi.

Baada ya hapo, chujio. Chomoa plagi, funga koki, ufungue mpira nyuma ya mashine kwa mkono, na uweke beseni chini kwa sababu maji kidogo yatamwagika. Ndani ya mdomo wa vali utaona kichujio cha plastiki. Kivute polepole kwa plaisi. Simtanki ambalo halijaoshwa miaka linashusha mchanga, kutu ya mabomba, ukijani, hata vipande vya plastiki vilivyobaki fundi alipotoboa tangi. Vyote vinaishia hapo. Kisugue kwa mswaki wa zamani. Kikiwa na ukoko mweupe, na mnapochanganya maji ya kisima utaukuta, kiloweke kwenye siki. Halafu kirudishe! Kuna mafundi wanakitupa ili maji yaingie kwa kasi. Mchanga ukikwama chini ya kiwambo, vali haifungi tena, na mashine inaendelea kujaa hata ikiwa imezimwa.

Kabla ya kuufunga mpira, uelekeze kwenye ndoo ya lita 10, fungua koki yote na utazame saa. Ikichukua zaidi ya dakika mbili kujaa, usimwite fundi wa mashine, mwite fundi bomba.

Kitu kingine, na hiki nakihisi tangu uliponitumia ile picha ya bafuni: mpira wa kutolea maji umelazwa sakafuni, umeingizwa kwenye tundu la maji machafu. Mwambie mkwe wangu auinue. Mdomo wake unatakiwa uwe juu, kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, na usibane tunduni, upate hewa. Ukilala chini, maji yanajivuta yenyewe na kutoka huku mengine yakiingia, na kwa presha yako hiyo ndogo yanayotoka yanayashinda yanayoingia. Jaribu hivi: simamisha mashine ikiwa katikati ya kujaa, kaa dakika chache, uone kama maji yanapungua.

Kama yote haya ni sawa na bado jioni haijai, dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha, ile inayojiwasha koki ikifunguliwa, ifungwe kwenye bomba linaloshuka kutoka tangini. Zungumza na mwenye nyumba, maana hata bomba la mvua litafaidika. Isifungwe kwenye bomba linalotoka mtaani, itawanyang'anya majirani maji na kuvuta uchafu. Mama yako yeye anasema ungenunua mashine ile ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, ya kujaza kwa ndoo. Kwa nyumba hiyo hajakosea.

Kwa nepi za leo, mimina maji kwa jagi, taratibu, kupitia kidroo cha sabuni. Mashine haijali maji yametoka wapi, yakifika kimo chake itaanza kuzungusha. Wakati wa kusuuza itabidi urudie.

Nitumie picha ya kibandiko na uniambie ndoo imechukua muda gani. Mbusu mjukuu wangu.

Baba yako