YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA KUTAZAMA SILI

Moshi,
20 Januari 2025

Meneja,
Ofisi ya Safari za Nje,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Desemba nilisafiri nanyi kwenda Cape Town na binti yangu Neema, miaka 9. Kwenye ratiba mliandika kwamba tukifika Hout Bay tutashuka kisiwa cha Duiker "kukaa na sili", wale wanyama wa baharini wenye manyoya na mapezi, na kwa hilo nikaongeza dola 60 kila mmoja. Nahodha alicheka nilipomwuliza. Duiker ni mwamba mtupu. Watu huwatazama sili wakiwa botini, kisha hurudi. Hata hivyo kutazama kwenyewe kulinikonga moyo. Sili wa huko huzaa Novemba na Desemba, kwa hiyo miamba ilijaa watoto weusi wanaolia kama mbuzi, na harufu ilitufikia kabla hatujawaona.

Kilichoniuma ni gatini, baada ya kurudi. Alikuwepo mtu na ndoo ya samaki, akipokea vijisenti. Mwongozaji wenu akamshikisha Neema samaki mkiani, "tupate picha nzuri". Sili akachomoka majini mpaka kifuani, meno kama ya mbwa, akamnyakua samaki pamoja na mkono wa koti. Koti likachanika hadi kwenye kiwiko. Mwongozaji akasema sili huyo hana neno, amezoea watu.

Nikamwuliza: na kichaa cha mbwa je? Akajibu hicho ni cha mbwa. Mwaka 2024 huohuo Afrika Kusini ilithibitisha ugonjwa huo kwa sili wa pwani ya Cape, na ninyi mnaopeleka watu huko hamkumwambia? Nilimwosha mtoto mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu tukashinda zahanati. Ngozi haikuwa imechubuka, namshukuru Mungu.

Meneja, ninyi ni watu wa Arusha. Mgeni akishuka kwenye gari Ngorongoro ili amlishe nyati, mtamfokea. Sili dume hufika kilo 300 naye ni mnyama pori vilevile.

Naomba mnirudishie dola 120 za kushuka kisiwani na gharama za zahanati, mfute maneno hayo kwenye ratiba, na mwongozaji huyo asipewe watoto wa watu mpaka afundishwe. Nimeambatisha risiti na picha ya koti. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Mteja wenu,
Mama Neema