Mtaro wa gesi uchimbwe kabla ya lami

Mhariri,

Kila mtaa mpya wa nyumba unaoota Wakiso na Mukono, hapa Uganda, huchimbiwa mitaro ya maji na umeme. Wa gesi ya kupikia haumo kwenye ramani. Watu wakishahamia, mitungi ya kilo 6 na 13 inaletwa na boda boda, na mtungi ukiisha maharage yakiwa hayajaiva, sigiri ya mkaa inarudi kibarazani. Sisi tunaofunga mitambo ya gesi tunawaomba wajenzi waweke tangi moja la pamoja na bomba hadi kila jiko, tena mitaro ikiwa bado wazi. Kupasua lami na vigae baadaye ndiko kunakoifanya gesi ya bomba ionekane ya matajiri.

Hesabu ni hii. Familia inayopikia gesi tupu tuikadirie kilo 12 kwa mwezi. Nyumba 40 ni kilo 480. Tangi la lita 5,000 hujazwa asilimia 80 tu, kwa kuwa gesi iliyo kimiminika hutanuka ikipata joto. Ukiagiza lori geji ikisoma asilimia 25, unakuwa umetumia takriban kilo 1,450, yaani miezi 3. Kwa nchi ambayo gesi yake hupanda malori kupitia mipaka ya Malaba, Busia au Mutukula, akiba hiyo si kitu kidogo. Nyumba 10 hazihitaji tangi: mitungi 8 ya kilo 45, minne kila upande, na vali ya kuhamia upande wa pili, inatosha.

Tangi la kuzikwa lina adui ambaye wengi hawamfikirii, nayo ni maji. Viwanja vingi vya sasa viko pembezoni mwa vinamasi. Tangi hilo la lita 5,000 likiwa karibu tupu, maji ya chini ya ardhi hulisukuma juu kwa nguvu ya zaidi ya tani 5, nalo halina hata nusu ya uzito huo. Huibuka na kukata bomba. Lifungwe kwa mikanda ya chuma kwenye sakafu ya zege, lizungushiwe mchanga usio na mawe ya kukwaruza rangi, na liunganishwe na vipande vya metali ya magnesi ili kutu ivile hivyo badala ya tangi.

Presha ishushwe mara mbili: rigulata ya tangini iitoe kwenye bar 0.7, na ya ukutani pa kila nyumba iifikishe milibar 30 (bar 0.03). Anayeishusha yote tangini ili aokoe rigulata 40 atalipia bomba nene zaidi, ama nyumba za mwisho zitapata moto dhaifu kila jioni. Gesi inayouzwa kwetu ni mchanganyiko wa propani na butani, na propani ndiyo hutangulia kuvukiza. Tangi likiachwa lishuke mno hubaki butani nyingi, na alfajiri ya baridi ya Kabale presha yake haifiki hata hiyo bar 0.7.

Bomba la chini liwe la njano la poliethilini, lenye viungo vya kuyeyushwa kwa umeme. PVC ya maji na gundi yake isikaribie. Lizikwe kina cha sentimita 60, lilale juu ya mchanga, na waya wa shaba ulale kando yake, kwa sababu plastiki haionekani kwa kifaa cha kutafutia mabomba. Utepe wa onyo uwe juu yake, ili mchimbaji wa nyaya za intaneti aukute kabla ya bomba. Liishie nje ya ukuta. Kuingia ndani ni chuma au shaba. Viungo vipimwe kwa hewa na maji ya sabuni kabla ya kufukiwa.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kutulia kwenye mashimo ya majitaka, kwa hiyo tangi lisiwe juu ya mteremko unaoelekea mtaro wazi, na tundu la hewa jikoni liwe usawa wa sakafu. Dirisha la juu halisaidii.

Kuna jambo la mita linalotuuma. Mita husoma ujazo, lakini lori huuza kilo. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na yuniti moja ya ujazo hapa ina gesi pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Mombasa. Bili ikipigwa kwa kipimo cha pwani, mpangaji analipia gesi ambayo hakuichoma.

Ndiyo maana tunaona tangi liwe mali ya chama cha wakazi. Likiwa la muuzaji, hamwezi kumwita mwingine anayeuza nafuu. Halmashauri zinazopitisha ramani zidai mchoro wa gesi pamoja na ule wa maji, na mkataba wa kuuziana gesi uandike waziwazi jinsi yuniti za mita zinavyogeuzwa kuwa kilo, kwa mwinuko wa mahali penyewe.

Mafundi wa mitambo ya gesi,
Mukono