Raba imechanika, tunauziwa shafti nzima

Mhariri naomba nafasi kidogo, nina dukuduku na mafundi wetu wa chini ya mwembe pamoja na wauza spea, na wenye Toyota IST, Vitz na Spacio watanielewa maana ndo gari zilizojaa hapa Dar.

Mwaka jana gari yangu ilianza kulia ka-ka-ka-ka nikikata kona huku nimekanyaga mafuta, hasa nikitoka getini, nikaipeleka kwa fundi akachungulia mara moja tu, bosi shafti ya kushoto imekufa, leta nyingine. Shafti ni ule mhimili unaotoka giaboksi kuzungusha tairi la mbele, na kweli ilikuwa imekufa. Ila miezi minne nyuma huyo huyo alinibadilishia brekipedi za mbele, tairi alitoa mwenyewe, na raba inayofunika sivijointi (kiungo cha mwisho wa shafti, chenye gololi ndani, kinachozungusha tairi hata ukikata kona) ilikuwa imeshachanika grisi imerukia rimu yote kwa ndani. Haiwezekani hakuiona! Raba ikichanika grisi inatupwa nje gari ikitembea, halafu vumbi letu la Kinyerezi na maji ya masika yanaingia, gololi zinasaga mchanga mpaka zinachimba vinjia zinamopita, ukifika hapo hata ujaze kopo zima la grisi kelele haziondoki. Raba na klipu zake ni hela ndogo sana ukilinganisha na shafti.

Basi nikaenda mjini nikanunua shafti used, muuzaji kauliza gari gani nikasema IST, akanifungia kwenye gazeti (samahani Mhariri, sijui kama lilikuwa lenu). Kufika kwa fundi meno ya ncha ya shafti hayaingii. Narudi dukani naonyeshwa chini ya risiti, mali ikishauzwa hairudishwi. Sasa mimi ningejuaje? Siku hizi naenda na shafti ya zamani mkononi, nahesabu meno pande zote mbili, napima urefu, na kama gari ina ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) naangalia ile pete yake yenye meno ipo au haipo, anayeona namsumbua basi.

Upande wa kulia raba ilikuwa imepasuka juzi juzi tu na kelele hakuna, nikasema hii nafanya mwenyewe uani na mdogo wangu. Nati ya katikati ya tairi, inayoshika ncha ya shafti, ilitutoa jasho, soketi namba 30 na bomba la kurefushia, na unailegeza tairi likiwa bado chini, mtu kakanyaga breki, baada ya kuinua ukingo wake uliopigwa patasi. Gari ilikaa kwenye stendi, sio jeki peke yake wala matofali ya block, matofali yanapasuka bila kukupigia simu. Tukafungua boljointi, kile kiungo cha kwenye arm ya chini ya tairi, tukavuta hab (kitovu kinachobeba tairi) pembeni, shafti ikatoka kwenye hab kwa kugonga na gogo, sio nyundo, nyundo inaponda nyuzi. Upande wa giaboksi usiivute shafti yenyewe, jointi ya ndani itaachana, tia mtaimbo nyuma yake uibetue mara moja, weka beseni maana haidroliki (mafuta ya giaboksi) inamwagika, na angalia usichane sili inayozuia mafuta hayo kuvuja.

Kitu ambacho fundi hakuwahi kuniambia ni kwamba kwenye hizi Toyota raba ya nje inavalishwa kutokea ndani, unavua jointi ya ndani yenye miguu mitatu (weka alama ya rangi kwanza) halafu raba inapita kwenye shafti. Tukafuta grisi yote ya zamani, tukaweka mpya ile nyeusi ya molibdenamu, nati mpya tukaikaza nyutoni mita 216 kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) tuliyoazima, tukaongeza haidroliki ya aina ile ile. Saa sita tumetumia, fundi anatumia mbili, sawa, lakini gari haijalia mpaka leo. Ah, na msiisukume gari shafti ikiwa nje ya hab, mdogo wangu alitaka kujaribu, beringi ya tairi inaweza kuachia.

Ombi langu kwa mafundi ni moja, mkitoa tairi kwa kazi yoyote ile tuambieni hali ya raba, hata mkitaka mtutoze hela ya kuangalia tutalipa. Na wauza spea, shafti isiyoingia kwenye gari ipokeeni siku hiyo hiyo, ile niliyouziwa bado ipo stoo kwangu imefungwa na gazeti lake.

Msomaji wenu,
Kinyerezi, Dar es Salaam